Uso wa Nyamai

Omolo wa Sarang'ombe alikuwa na sauti ya kusomea. Akifungua kitabu, hata mpita njia mwenye haraka alipunguza mwendo. Majirani walimletea barua za mawakili, karatasi za hospitali na ripoti za shule za watoto wao, naye alizisoma zote kwa Kiingereza cha mtangazaji wa redio, akipandisha hapa na kushusha pale, mpaka mwenye barua akaenda zake ameridhika bila kujua barua ilisema nini. Na Omolo mwenyewe hakujua. Alikuwa amezoea kutojua, na jambo ukishalizoea halikuwashi tena.

Kazi yake ilikuwa useremala. Alitengeneza vitanda na stuli kando ya reli, na mkewe Seline alikaanga samaki hatua chache kutoka hapo. Walikuwa na binti mmoja, Adhis, wa miaka tisa. Mwaka ule wa mvua za El Nino, chumba chao kiliingia maji mara nne. Maji yalipita chini ya mlango yakiwa yamebeba kila uchafu wa mtaro, yakatulia chini ya kitanda kama mpangaji, na Adhis akashikwa na kikohozi kilichokataa dawa zote za duka.

Ndiyo maana habari ya nyumba ya Riruta ilipomfikia Seline, aliishika kwa mikono miwili.

Nyumba ilikuwa ya Mzee Kihara. Mzee huyu alikuwa amepikia familia moja ya Kiyahudi kwa miaka ishirini na sita, na familia ilipohama nchi ilimwachia masanduku mawili ya vitabu vya dini yao, vya Kiingereza. Vitabu alibaki navyo, na dini akabaki nayo. Alijenga chumba cha mabati nyuma ya ploti yake, na watu kumi na wanane walikusanyika humo, Omolo kati yao. Mtaa mzima wa Kawangware uliopakana nao uliwaita Wayahudi wa Riruta, wachache kwa heshima, wengi kwa kicheko. Jumamosi walisali. Jumapili alasiri walisoma wawili wawili, kwa kuwa mzee alishika desturi aliyoiona kwa bwana wake: maneno ya Mungu hayasomwi na mtu peke yake. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anamuuliza, wanabishana mpaka jambo linaeleweka, kisha wanabadilishana.

Sasa macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, na alitaka mtu wa kuwafundisha watoto. Mtu huyo angepewa nyumba ya mbele akae bure: vyumba viwili vya mawe, sakafu ya saruji, mfereji uani. Jumapili ya mwisho ya Novemba ndiyo angemchagua. Wengi walishamtaja Omolo, na Omolo alikuwa wa kwanza kukubaliana nao.

Kilichomkera kilikuwa ni mwenzake. Mzee alikuwa amemweka na Nyamai, Mkamba mmoja mpole aliyeshona viatu pale stage ya matatu iitwayo 56. Nyamai aliachia shule darasa la tano. Alisoma kwa kidole, kidole chenyewe kina rangi ya viatu, na kila neno gumu alilitafuta kwenye kamusi isiyo na jalada aliyoibeba ndani ya mfuko wa unga. Omolo akisoma ukurasa mzima kwa pumzi tatu, Nyamai alimwomba arudi mwanzo. "Hapa anamaanisha nini?" aliuliza. Omolo hakuwa na jibu, kwa hivyo alimjibu kwamba angejua wakiendelea mbele. Basi Nyamai alijikuna kichwa, akafungua kamusi, akabishana na kitabu peke yake, na baada ya nusu saa alitoa jambo lenye kichwa na miguu.

Jambo hilo Omolo alilibeba hadi Sarang'ombe. Akifika nyumbani alimsimulia Seline kwa ile sauti yake nzuri, kwa nini mwajiriwa alipwe jua halijatua, kwa nini shamba liachiwe maskini pembe zake. Seline alisikiliza mpaka samaki wakaungua. Siku aliyoelezwa kwamba samaki wasio na magamba hawaliwi, aliacha kuuza kambare, ambao Wajaluo wenzake huwaita mumi. Wateja walimcheka, wakamuuliza mumewe ni Myahudi wa wapi, naye mzaliwa wa Gwassi kule kwa Wajaluo. Alivumilia. Aliamini ameolewa na mtu mwenye akili.

*

Jumapili ya kwanza ya Novemba walifikia ukurasa unaohusu mtu anayemwaibisha mwenzake mbele ya watu. Walimu wa kale walikuwa wamemfananisha na muuaji, kwa kuwa anaufanya uso wa mwenzake kuwa mweupe. Omolo aliusoma wote bila kukwama. Nyamai akaomba zamu yake, akaanza kuokota maneno moja moja. Pembeni, kijana Austine, aliyekuwa akisomea uhasibu mjini, alikuwa ameshafungua ukurasa wa tano na mwenzake.

"Songa, bwana," Omolo alimwambia. "Wenzetu wanamaliza."

"Ngoja kidogo. Uso kuwa mweupe." Nyamai aliweka kidole pale pale. "Sisi tuko weusi. Sasa sisi tukiaibishwa uso unakuwaje?"

Omolo alihisi Austine akiwatazama. Alihisi Jumapili ya mwisho ikikaribia na nyumba ya mawe ikimponyoka kwa sababu ya kidole kimoja chenye rangi ya viatu. Akasimama.

"Mzee, naomba unibadilishie mtu," alisema, na sauti yake ilijaza chumba bila kujitahidi. "Huyu anasoma kama mtoto wa darasa la pili. Ananirudisha nyuma."

Austine alicheka. Wengine wawili watatu walicheka pia, kisha wakaona mzee hacheki wakaacha. Uso wa Nyamai ulikauka, ukapauka kama wa mtu aliyeamka kutoka malaria, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Alilipangusa kwa kitambaa kilichokuwa mfukoni, akasahau kwamba ndicho anachong'arishia viatu. Kikamwachia mstari mweusi kutoka puani hadi sikioni, mbele ya wote. Mkewe Nzembi, aliyekuwa benchi ya wanawake, alitazama sakafu.

Nyamai akafunga kitabu, akakiweka ndani ya mfuko wa unga pamoja na kamusi kwa kuchanganyikiwa, akamshukuru mzee na kuondoka. Omolo aliuona uso ule waziwazi. Akajiambia kwamba ukweli unauma, lakini ni ukweli.

*

Mzee Kihara alimweka na Austine kama alivyotaka. Wawili hao walisoma kama baiskeli iliyokatika breki mlimani. Kurasa kumi na mbili Jumapili moja, kumi na tano iliyofuata. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuulizwa. Ungezisikia sauti zao ungesema hawa ndio wasomi, na hivyo ndivyo walivyosema watu.

Nyumbani Seline alikuwa ameanza kufunga vitu. Sufuria ziliingia kwenye gunia. Beseni lililotoboka alimpa jirani, akamwambia huko Riruta watachota maji mferejini. Wateja wote wa samaki walishajua kwamba anahama, na wengine walishaanza kumwita mama mwalimu, nusu utani nusu wivu. Alipokuwa akikunja nguo za Adhis, alimuuliza mumewe walichosoma leo.

"Kurasa kumi na tano," Omolo alisema.

"Zinasema nini?"

"Mambo mengi. Ya dhabihu, ya nini."

Seline aliacha kukunja. Alimkumbusha kwamba zamani angemweleza mpaka samaki wanaungua, na siku hizi anamhesabia kurasa tu. Alifikiri kidogo, na ungeona kwamba swali lililofuata hakulipenda hata yeye.

"Baba Adhis, zile hadithi zote, ni Nyamai alikuwa anakuelezea?"

"Kwani mimi sijui kusoma?"

"Sijasema kusoma."

Adhis alikohoa kitandani na wote wawili wakamgeukia, wakashukuru kikohozi. Omolo akatoka nje kuangalia mtaro. Mvua haikuwa imenyesha siku hiyo, lakini aliuangalia muda mrefu.

*

Jumapili ya mwisho chumba kilijaa. Watoto wa waumini waliketi chini, mbele, Adhis kati yao. Seline alivaa leso mpya. Nyamai naye alikuwapo, kwenye benchi ya nyuma karibu na mlango, kwa kuwa alikuwa amekuja kurudisha kitabu alichoondoka nacho na Mzee Kihara akamwambia aketi.

Austine alianza. Alisoma vizuri, akaulizwa swali moja, akasema mambo ya mtihani yanamsumbua akili, akaketi. Mzee akamwita Omolo.

"Soma pale ulipoachia na Nyamai," mzee alisema.

Omolo alifungua kitabu, na mkono ukamtangulia kujua ni ukurasa gani. Hata hivyo alisoma. Sauti ilitoka ile ile, nene, tamu, yenye kupanda na kushuka, na kina mama walitikisa vichwa. Seline alifumba macho. Kwa muda wa ukurasa mmoja alikuwa ameshaingia kwenye nyumba ya mawe, ameshapanga vikombe.

"Sasa funga kitabu," mzee alisema. "Waambie watoto inasema nini."

Omolo alifunga. Alisema kwamba inasema watu waheshimiane. Mzee alingoja. Watoto nao walingoja. Kisha Adhis, aliyetaka kumsaidia baba yake kwa kuonyesha kwamba amesikiliza, aliinua mkono.

"Baba, ni kwa nini uso unakuwa mweupe? Na sisi unakuwaje?"

Lilikuwa swali lile lile la Nyamai, kutoka kinywani mwa mtoto wake mwenyewe. Omolo angeweza kusema hajui. Watu wengi wamesema hivyo na hawakufa. Lakini mkewe alikuwa amefumbua macho, na gunia la sufuria lilikuwa limefungwa.

"Weupe ni usafi," alisema. "Uso mweupe ni uso uliosafishwa. Kwa hivyo inatufundisha kwamba mtu akikosa, umrekebishe mbele ya watu wote, ndiyo atakate."

Wachache walioelewa ukurasa ule walitazamana. Mkono wa mzee ulisimama juu ya fimbo yake. Seline hakuwa amesoma kitabu kile hata siku moja, lakini alimjua mumewe, na alijua ile sauti inapokuwa haina kitu ndani. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

Ndipo Nyamai aliposimama kule nyuma.

"Mzee, samahani," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wageuke. "Omolo anawajaribu hawa watoto, aone kama watamkatalia. Mimi alinieleza vizuri."

"Alikueleza nini?" mzee aliuliza.

"Alisema ni damu. Mtu akiaibishwa, damu inatoka usoni. Kwa Mzungu unaiona ikienda, anabaki mweupe. Kwetu huoni, lakini inaenda tu vile vile." Nyamai alitafuta neno. "Kwa hivyo huyo mwenye kuaibisha amemwaga damu ya mwenzake. Ni vile tu haikufika chini. Ni Omolo alinifunza hivyo."

Akaketi. Nzembi alimtazama mumewe kwa mshangao, kisha akatazama mahali pengine. Mzee Kihara aligeuza uso wake wenye ukungu upande wa Omolo.

"Ni kweli, Omolo?"

Omolo alitazama gunia ambalo halikuwepo pale, akatazama binti yake. "Ni kweli, Mzee," alisema.

Mzee aligeuza sikio upande wa sauti ile. Kisha akatoa ufunguo kwenye koti na kuunyoosha hewani, na Omolo akaenda kuuchukua. Watu walipiga makofi. Kina mama walimkumbatia Seline, naye akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso, akiwa na uso wa mtu anayepokea rambirambi.

*

Walipofika nyumbani Seline aliweka chai juu ya stovu, akalifungua gunia, akatoa sufuria moja, akaitazama.

"Siku ile ulimkataa, hiyo page mlikuwa hamjaimaliza," alisema. "Uliniambia mwenyewe. Sasa ulimfunza lini?"

Omolo alisema kwamba Nyamai ndiye aliyesimama mwenyewe, hakuna aliyemtuma.

"Nakuuliza lini."

Seline hakupaza sauti. Alimwambia kwamba yeye Seline anaitaka nyumba ile kuliko Omolo, kwa kuwa Omolo hushinda na mbao zake na si yeye anayepiga magoti kuchota maji chini ya kitanda. Alimwambia kwamba Adhis akikohoa, ni kifua chake Seline kinachouma.

"Lakini huyo mtu amekufunika na nguo yake," alisema, "na wewe ndiye ulimvua mbele ya watu. Nikikaa huko, Nzembi nitamwangalia na macho ya nani?"

Akazipanga sufuria zote mahali pake pa zamani, moja moja. Alilia akizipanga, na hakujificha.

*

Jumanne Omolo aliacha randa yake kwa jirani akaenda 56. Alimkuta Nyamai amekaa mbele ya kibanda chake cha mabati, sindano mkononi, kiatu cha mwanafunzi kati ya magoti. Omolo aliketi kwenye kibao cha wateja. Walisalimiana, wakaulizana hali ya watoto, wakalaumu mvua. Kisha Omolo aliomba msamaha, kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea.

"Mimi nilishakusamehe," Nyamai alisema. "Nisingekusamehe singesimama."

"Ulisimama kwa nini? Ungeninyamazia tu niaibike. Ningekuwa nimejitakia."

Nyamai alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Nilikuwa nimeshaielewa hiyo page," alisema. "Ukishaielewa, unafanyaje tena?"

Omolo alikaa na neno hilo. Ulimwengu mzima ulikuwa ukipita pale, makanga wakiita abiria, wanawake na mifuko ya mboga, na hakuna aliyejua kwamba mtu mzima ameketi kwenye kibao akitamani ardhi immeze. Alisimama kuondoka, moyo umepungua uzito kidogo. Nyamai akamwita.

"Omolo. Hapa tuko mimi na wewe na viatu vya wenyewe. Siku ile tulikuwa watu kumi na wanane."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anataja idadi tu, kama fundi anayemkumbusha mteja kwamba viatu ni viwili.

*

Jumapili iliyofuata Omolo alisimama kabla hajaitwa. Aliyasema yote: kwamba hakumfunza Nyamai kitu, kwamba kila alichowahi kujua kutoka vitabuni alikipata kwa Nyamai, kwamba alimwaibisha mtu aliyekuwa macho yake. Maneno hayakuja kwa mpangilio. Austine alitazama kucha zake. Mtu mmoja alicheka, kwa kuwa mtu wa hivyo hakosekani, na Omolo alihisi uso wake ukikauka na jasho likimtoka juu ya mdomo. Adhis alikuwa akimtazama kutoka sakafuni. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko kicheko.

Seline alifungua pindo la leso, akaenda mbele, akaweka ufunguo mezani mbele ya Mzee Kihara. Mzee aliupapasa mpaka akaupata.

"Mimi macho ndiyo yamekufa," alisema. "Masikio hayajakufa. Nilikuwa nikingoja."

Ufunguo ulikwenda kwa Nyamai, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Yeye na Nzembi walihamia nyumba ile siku ya Jumatano. Alhamisi Nzembi alikwenda Sarang'ombe kwa miguu, kwenye tope lile, akamwambia Seline kwamba chumba kimoja kinawatosha, na Adhis alale huko mpaka mvua ziishe. Seline alikubali kwa ajili ya kifua cha mtoto. Kukubali kule kulimgharimu kuliko kuurudisha ufunguo, na mumewe alilijua hilo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, ufunguo ukiwa bado mkononi mwa mzee, Omolo alitaka kurudi kuketi, na mzee akamkatalia. Alimwambia achukue kitabu, akakae na mwenzake, wamalize ukurasa walioanza.

Nyamai alimsogezea nafasi kwenye benchi. Omolo akafungua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni. Akaanza kusoma. Alifika kwenye neno la uso, akakwama. Akarudi nyuma, akalijaribu tena, akakwama pale pale, kwa kuwa safari hii alikuwa ameuona uso wenyewe, na mstari mweusi kutoka puani hadi sikioni. Chumba kizima kilimsikia akisoma kama mtoto wa darasa la pili.

"Pole pole," Nyamai alimwambia, akifungua kamusi. "Hatuna haraka."